Mswada Kwanza, Mashine Baadaye: Namna ya Kuwafikishia Viziwi Mchezo wa Jukwaani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Mkalimani wa bungeni ana kazi ngumu, kwa sababu hajui mheshimiwa atakayesimama atasema nini. Mtangazaji wa mpira naye hajui bao litaingia lini. Jukwaani mambo ni tofauti. Maneno ya mchezo wa kuigiza yameshaandikwa, yamekaririwa, na yamerudiwa mazoezini mpaka fundi wa taa anayajua kwa moyo.

Hiyo ni faida kubwa kwa kikundi kinachotaka viziwi na wenye usikivu hafifu waje kutazama. Wengi tunaisahau, tunaanza kuulizia bei ya miwani ya kisasa au programu za kugeuza sauti kuwa maandishi. Hata walio na fedha hawakuanzia huko. National Theatre ya London ilipozindua miwani yake ya maandishi mwaka 2018, mtambo ulio nyuma ya miwani hiyo haukubuni maneno kwa kusikiliza tu. Ulipewa mswada mzima kabla, kisha ukawa unafuatilia sauti za waigizaji na mabadiliko ya taa ili ujue mchezo umefika mstari gani. Kazi hiyo ya kufuatilia inaweza kufanywa na mtu mmoja makini mwenye laptopu. Kwa hiyo ushauri wangu unafuata mpangilio huu: mswada, mtu wa kuuendesha, kisha mashine kadiri mfuko unavyoruhusu.

Jua unamwandalia nani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa kusikia. Watu hao hawana hitaji moja, na kifaa kinachomfaa huyu kinaweza kuwa hakina maana kwa yule. Wagawe katika makundi matatu kabla hujatoa hata senti.

Kundi la kwanza ni viziwi waliokulia katika lugha ya alama. Kwao Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, waliyofundishwa darasani, na baadhi yao walifundishwa vibaya. Maandishi yatawasaidia, lakini wengi watafurahia zaidi mkalimani. Kumbuka pia kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha mbili tofauti. Mkalimani wa Nairobi hawezi kushuka basi Dar es Salaam na kukalimani jioni hiyohiyo.

Kundi la pili ni waliopoteza usikivu wakiwa wakubwa: kwa homa ya uti wa mgongo, kwa dawa kama kwinini au sindano za streptomaisini, kwa kelele za karakana, au kwa uzee. Hawa wanasoma Kiswahili vizuri na hawajui alama hata moja. Mkalimani hawasaidii. Maandishi ndiyo yanayowarudisha ukumbini.

Kundi la tatu ni wenye usikivu hafifu, pamoja na wanaovaa shimesikio. Wanasikia sauti, ila maneno yanawapotea katikati ya ngoma, mwangwi wa ukumbi na vicheko. Wanahitaji sauti safi iwafikie moja kwa moja, na maandishi ya kuwaokoa pale sauti inapokwama.

Usikisie ni kundi gani lipo mtaani kwako. Nenda kwenye chama cha viziwi, yaani CHAVITA ikiwa uko Tanzania au KNAD ikiwa uko Kenya, au shule ya viziwi iliyo karibu, uwaombe watu wawili watatu wawe washauri wa mchezo kuanzia wiki za kwanza za mazoezi. Walipe kama unavyomlipa fundi wa taa.

Geuza mswada kuwa maandishi ya skrini

Mswada wa mwigizaji hauwezi kupandishwa kwenye skrini jinsi ulivyo. Unahitaji kukatwa vipande vinavyosomeka kwa mtupo mmoja wa jicho. Weka mistari miwili kwa kila slaidi, na kila mstari usizidi herufi 40 hivi. Miongozo ya Kiingereza hupima kasi kwa idadi ya maneno kwa dakika, nacho ni kipimo kisichotufaa, kwa kuwa neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. Pima kwa herufi: msomaji wa kawaida anamudu herufi 15 hivi kwa sekunde. Slaidi iliyojaa mistari yote miwili inahitaji kukaa mbele yake kwa sekunde tano au sita.

Kata mstari pale maana inapopumua. Usiache «wa» au «kwa» ikining'inia mwisho wa mstari huku nomino yake iko chini. Mzaha ukate mara mbili: slaidi moja ya maandalizi, nyingine ya kuchekesha. Ukiuweka wote pamoja, msomaji atacheka kabla mwigizaji hajafika, na wenzake watageuka kumtazama.

Andika jina la mhusika kila msemaji anapobadilika. Sauti zenye kazi katika hadithi ziandike kwenye mabano ya mraba: [ngoma inakaribia], [bunduki mbali], [anaimba kwa sauti ya chini]. Kinachoonekana kwa macho usikiandike. Mlango ukifunguliwa jukwaani, kila mtu anauona. Hodi ikibishwa kutoka nyuma ya pazia, kiziwi hajui, na hiyo ndiyo ya kuandika.

Usipunguze maneno kwa sababu tu mwigizaji anasema haraka. Chukua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile akiwa amepandwa na mzimu Hongo anamtaja Sultani Seyyid Said, na jina hilo moja ndilo linalokuja kumtesa baadaye, anapotambua kwamba ahadi aliyowapa watu inawatoa kwa Mjerumani na kuwapeleka kwa Sultani. Jina likidondoka kwenye slaidi kwa kuwa umati unapiga kelele na nafasi haitoshi, mtazamaji kiziwi hataelewa kwa nini kiongozi aliyekuwa na uhakika ameanza kusita. Kama mstari ni mrefu mno, kaa na mwongozaji mkubaliane: ama mwigizaji apunguze kasi kidogo, ama slaidi zigawanywe zaidi.

Jambo la kisheria lisisahaulike. Unapoomba ruhusa ya kuigiza kazi ya mwandishi, omba papo hapo ruhusa ya kuonyesha maneno yake kwenye skrini.

Chagua mahali pa kuyaonyesha

Projekta ndiyo njia rahisi kwa ukumbi wa kati, na anayekodisha vifaa vya harusi karibu kila mji anayo. Tumia mandharinyuma nyeusi na maandishi meupe au ya manjano hafifu, kwa fonti isiyo na mapambo. Projekta hutoa mwanga wa kijivu hata inapoonyesha weusi, kwa hiyo ijaribu usiku, taa za mchezo zikiwa zimepangwa, uone kama haiharibu picha ya jukwaa. Kwa ukubwa wa herufi, kanuni ya wachora mabango inafaa kuanzia: sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Mtazamaji wa mwisho akiwa mita 15 kutoka kwenye skrini, herufi ziwe na urefu wa sentimita 12 hivi.

Mahali pa skrini pana uzito kuliko ukubwa wake. Ikiwekwa juu mno, mtazamaji anasoma mchezo bila kuuona. Ikiwekwa chini, vichwa vya waliokaa mbele vinaikata. Iweke juu kidogo ya vichwa vya waigizaji au ubavuni mwa jukwaa, upande wenye matukio mengi, kisha tenga viti ambavyo macho yanafika kwenye skrini na kwenye nyuso za waigizaji bila shingo kuzunguka.

Kwa ukumbi mdogo au uwanja wa mtaani, televisheni kubwa iliyoazimwa kutoka kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, inatosha kwa safu chache za mbele. Weka moja kila upande, kwa slaidi zilezile.

Simu ni njia ya tatu. Kumbi za maigizo za Broadway zilianza kutumia programu ya GalaPro mwaka 2017, na mtazamaji huona maandishi kwenye simu yake mwenyewe, katika skrini nyeusi. Kikundi chenye kijana anayejua kutengeneza kurasa za mtandao kinaweza kufanya jambo linalofanana: laptopu na ruta ya Wi-Fi ukumbini, bila hata intaneti, simu zikifungua ukurasa mmoja unaobadilika mwendeshaji anapobonyeza. Faida ni kwamba asiyehitaji maandishi hayaoni. Hasara ni kwamba macho yanachoka kuruka kutoka simu iliyo karibu hadi jukwaa lililo mbali, mikono nayo inachoka. Tafuta kishikio cha simu cha kubana kwenye kiti cha mbele.

Skrini ya wazi, inayoonekana na wote, ndiyo ningeanza nayo mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ukumbini Kampala au Bujumbura, ambako wengi Kiswahili si lugha yao ya kwanza, maandishi uliyowawekea viziwi yatasomwa na nusu ya wanaosikia.

Mpate mwendeshaji, umpe mazoezi

Huyu ndiye kiungo cha kazi yote. Asiwe kibarua aliyepatikana siku ya onyesho, na asiwe fundi sauti ambaye mikono yake tayari imejaa. Awe mtu anayehudhuria mazoezi, anayejua kwamba mwigizaji fulani hukaa kimya muda mrefu kabla ya mstari wake, na kwamba mwingine hupenda kuruka kurasa.

Kazi yake ni kubonyeza pale mwigizaji anapofungua mdomo, si kabla wala baada. Mchezo wa saa moja na nusu unaweza kuwa na slaidi 700 au zaidi, kwa hiyo kuna ufundi wa kujifunza. Programu za slaidi kama PowerPoint, au Impress ya LibreOffice ambayo ni ya bure, zina njia mbili za mkato ambazo lazima azijue akiwa amefumba macho. Ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter, inafunguka slaidi hiyo, na hapo mwigizaji aliyeruka kurasa mbili anakuwa amekamatwa. Ukibonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi, nayo inafaa wakati wa kimya kirefu au mambo yakivurugika.

Awe na mswada uliochapwa, namba za slaidi zikiwa pembeni mwa kila mstari, na taa ndogo ya kusomea. Kabla ya onyesho azime intaneti, azime WhatsApp ya kompyuta, azuie kompyuta kulala au kujisasisha. Ujumbe wa mkopo wa simu ukitokea mbele ya Mjerumani na Kinjeketile, ukumbi wote utausoma. Umeme nao una tabia zake: laptopu iwe na chaji kamili, na projekta iunganishwe kwenye betri ya akiba itakayoivusha hadi jenereta iwake.

Maneno yasiyo kwenye mswada

Mchezo wetu wa jukwaani hauendi kwa mswada peke yake. Mchekeshaji anamtania mtu wa safu ya mbele, mwimbaji anaongeza ubeti, umati unaitikia. Njia ya kwanza ni kurekodi mazoezi kwa simu na kuandika yale yanayojirudia. Utashangaa jinsi «papo kwa papo» ya waigizaji wengi inavyofanana kila jioni. Njia ya pili ni mapatano: mwigizaji anayetoka nje ya mswada awe na mstari maalumu wa kurudia, ili mwendeshaji ajue wamerejea. Katikati ya hapo, mwendeshaji mwenye vidole vyepesi aandike kiini cha utani kwenye dirisha la pembeni. Kama hawezi, aandike [anamtania mtazamaji], maana skrini tupu humfanya msomaji adhani mtambo umekufa.

Je, programu za kutambua sauti? Live Transcribe ya Google ipo kwenye simu za Android tangu mwaka 2019, na miundo kama Whisper inajua Kiswahili. Zinafanya kazi ya kuridhisha mtu mmoja akiongea taratibu karibu na simu. Ziweke jukwaani, penye waigizaji watatu wanaokatizana, lafudhi ya Pemba, Sheng na ngoma, zitatoa sentensi ambazo hakuna aliyezisema. Zitumie kwenye dirisha la tiketi, kwenye mapokezi, na katika mazungumzo ya baada ya mchezo ambapo kila msemaji anashika kipaza sauti. Huko hakuna mswada, na kosa moja linaweza kurekebishwa papo hapo.

Mkalimani na taa yake

Mkalimani wa jukwaani apewe mswada wiki kadhaa kabla, pamoja na video ya mazoezi, kwa sababu nyimbo, methali na majina ya mizimu hayatafsiriki kwa kushtukizwa. Mchezo mrefu unahitaji wawili, wakigawana wahusika ili mtazamaji ajue nani anaongea. Mshauri wako kiziwi akae nao kupitia alama ngumu. Yeye ndiye atakayejua kama ubeti umefika au umegeuka orodha ya maneno.

Kosa la kawaida ni la taa. Onyesho la usiku linaanza, jukwaa linatiwa giza, na mkalimani anamezwa. Mpe taa yake ndogo, yenye swichi ya kupunguza mwanga, isiyozimwa na mtu mwingine. Nguo zake ziwe za rangi moja inayotofautiana na ngozi ya mikono yake. Asimame karibu na wahusika. Ukimweka kona ya mbali, mtazamaji atalazimika kuchagua kati ya hadithi na nyuso.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, waweke viziwi jukwaani. Deaf West Theatre ya Los Angeles, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilipeleka Broadway mchezo wa Spring Awakening mwaka 2015, waigizaji viziwi na wanaosikia wakicheza pamoja. Hapo maandishi yaleyale uliyoyatayarisha yanamfaa anayesikia pale alama zinapotangulia bila sauti.

Sauti kwa wenye usikivu hafifu

Kuongeza sauti ya spika hakusaidii. Kunakuza mwangwi pamoja na maneno. Unachotaka ni njia ya kutoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti hadi sikioni bila kupita hewani mwa ukumbi. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni waya wa sumaku: waya unaozungushwa eneo la viti, ukipelekewa sauti na kikuzaji chake, hutengeneza uga wa sumaku unaonaswa na koili ndogo iliyo ndani ya shimesikio nyingi. Mtazamaji hahitaji kifaa kingine. Lakini chuma kingi katika jengo hudhoofisha uga huo, nyaya mbovu za umeme huleta mvumo, na baadhi ya shimesikio koili yake haijawashwa na mtaalamu. Jaribu na mvaaji halisi kabla ya kununua.

Ya pili ni redio ndogo na visikizi, vile vinavyotumika kwenye mikutano ya tafsiri. Ni rahisi kukodi, lakini masafa ni mali ya umma: uliza TCRA au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kurusha chochote. Ya tatu ni mwanga wa infraredi, ambao hauvuki ukuta na hauhitaji masafa, ila jua huuvuruga. Kwa onyesho la alasiri katika ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe, Zanzibar, usiutegemee.

Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti mpaka midomo na maneno vinaachana. Auracast, teknolojia ya Bluetooth iliyotangazwa mwaka 2022, imekuja kupunguza ucheleweshaji huo na kurusha sauti kwa wasikilizaji wengi mara moja, lakini itafaa watazamaji wako watakapokuwa na vifaa vinavyoipokea.

Kabla ya pazia

Tangazo linalotoa namba ya kupiga tu limeshawafungia viziwi mlango. Pokea nafasi kwa ujumbe wa WhatsApp, na usambaze video fupi ya lugha ya alama inayoeleza mchezo, siku zenye maandishi, siku zenye mkalimani, na viti vilivyotengwa. Matangazo ya «zimeni simu» na ya mapumziko yaandikwe kwenye skrini pia. Ya hatari vilevile: tengeneza mapema slaidi kubwa inayosema watu watoke na kwa mlango gani, na mkubaliane nani atawasha taa zote za ukumbi.

Fanya onyesho la majaribio wiki moja kabla, washauri wako wakiwa wamekaa safu ya mbele, ya kati na ya nyuma. Usiwaulize kama wamependa, maana kwa adabu watasema ndiyo. Waulize hadithi imewapotea wapi, nani alisema nini katika ugomvi wa mwisho, na walicheka wakati mmoja na wenzao au baadaye. Majibu yao yataonyesha slaidi za kurekebisha.

Na kama mwaka huu una fedha ya jambo moja tu, mlipe mwendeshaji pamoja na mshauri wako kiziwi. Projekta utaiazima.